Msikilize Kwenye Wimbo Alioukuta

Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikaingia mifukoni, Kilwa nzima inaoa na kuozesha. Kuanzia Nangurukuru mpaka huku Masoko, haipiti Jumamosi bila turubai kufungwa uwanjani kwa mtu. Kamati ya harusi huwa na ugomvi wa mambo matatu: nyama, turubai na kinanda. Nyama na turubai humalizwa kikao cha kwanza. Kinanda ndicho kinachowalaza watu macho, maana kila mjumbe ana kijana wake anayemjua, na kila kijana ni hodari kuliko wenzake wote.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kamati ya harusi moja ya Kivinje, na kosa la kumchagua mpiga kinanda nalibeba mimi. Kijana alikuja na simu, akatusikilizisha wimbo alioutunga mwenyewe, kaupiga mwenyewe. Ulikuwa mtamu, sina la kusema. Tukampa kishika uchumba siku ileile. Usiku wa shughuli, shangazi wa bwana harusi, mama aliyeimba taarab enzi za usichana wake, akashika maikrofoni na kuanza wimbo wa zamani ambao hakuna mtu mzima wa pwani hii asiyeujua. Alianzia kwenye sauti yake, pale koo lake linapokaa. Kijana akaanza kumtafuta. Akabonyeza kitufe cha kupandisha, akapitiliza. Akabonyeza cha kushusha, akaangukia chini zaidi. Muda wote huo biti iliyomo ndani ya kinanda inakwenda tu, haimjali yeye wala mama. Shangazi akanyamaza katikati ya ubeti, akaiweka maikrofoni juu ya spika, akasema kwa upole, "Mwanangu, hicho chombo chako kinajiweza. Mimi wa nini?" Akarudi kuketi.

Tangu usiku ule nina kanuni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike haya: mpigaji usimpime kwa wimbo wake mwenyewe, msikilize kwenye wimbo alioukuta. Kwenye wimbo wake amevaa nguo aliyojishonea, haiwezi kumbana. Kwenye wimbo wa mwenzake amevaa nguo ya mtu mwingine, na hapo utaona mabega yake yalivyo.

Kanuni hii inafaa kwa harusi, lakini inafaa zaidi kwa ule ubishi wa baraza usiokwisha, wa bendi kongwe iliyobadilisha watu. Nani alikuwa zaidi, aliyeanza au aliyepokea? Kahawa ya buli moja haitoshi kumaliza mjadala wa mkung'uta solo mmoja wa Msondo. Watu hubishana kwa majina na kwa mapenzi, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Hapa chini nitaeleza ninavyofanya mimi nikitaka kulinganisha watu waliopokezana chombo kimoja, na mfano wangu mkuu nitautoa mbali kidogo, kwa sababu ndio mfano ulio wazi kuliko yote niliyowahi kukutana nayo.

Kuna bendi ya London inaitwa Yes, ilianzishwa mwaka 1968. Ni watu wa roki ile ya nyimbo ndefu, wimbo mmoja waweza kujaza upande mzima wa santuri, unapanda na kushuka kama jahazi la masafa. Si muziki wa kuchezea harusini, na sikulazimishi uupende. Lakini kiti chake cha kinanda kimekaliwa na watu zaidi ya watano, baadhi wakatoka na kurudi, na kila mmoja ameacha kazi iliyorekodiwa na yenye mwaka wake. Ni kama mtu amekupangia mtihani mezani.

Wa kwanza ni Tony Kaye, aliyekuwepo mpaka 1971. Huyu alikuwa mtu wa ogani ya Hammond. Hammond ina tabia moja ya kuijua kabla hujamhukumu mpigaji wake: ukibonyeza kibao, sauti haifi, inakaa mpaka uinue kidole. Kwa hiyo mpigaji mzuri wa Hammond unamjua kwa anavyoinua vidole kuliko anavyovishusha. Kaye alikuwa anaikata sauti fupi fupi kama mtu anayepasua kuni, huku gitaa na besi vikipita katikati. Wenzake walitaka aongeze vyombo vipya vya wakati ule, Moog na Mellotron. Yeye hakuwa na hamu navyo. Akaondoka.

Akaja Rick Wakeman, akazungukwa na vinanda pande zote, na baadaye joho linalometameta likaongezeka. Msomaji wa kwetu anaweza kuwa ameshamsikia bila kujua: ile piano ya wimbo "Morning Has Broken" wa Cat Stevens, ambaye leo ni Yusuf Islam, ni vidole vya Wakeman. Santuri yake ya kwanza na Yes ni Fragile ya mwaka 1971, ya pili ni Close to the Edge ya 1972. Watu wengi wakitaka kumlinganisha na Kaye, huweka Close to the Edge upande mmoja na The Yes Album, santuri ya mwisho ya Kaye wa awamu ya kwanza, upande wa pili. Hilo ni kosa langu la Kivinje lilelile. Unapima nguo mbili, hupimi watu wawili.

Fanya hivi. Chukua "Starship Trooper" kwenye The Yes Album ya 1971, Kaye yuko kwenye ogani. Halafu chukua wimbo huohuo kwenye Yessongs, santuri tatu za jukwaani zilizotoka 1973, kiti kimeshapokewa na Wakeman. Usisikilize mwanzo. Nenda sehemu ya mwisho, pale gitaa linapozunguka vituo vitatu vilevile, tena na tena, likiongeza nguvu kidogo kidogo. Kwa Kaye, ogani inajenga ukuta nyuma ya gitaa. Ukiitoa, nyumba inaanguka, ukiiacha, huioni. Kwa Wakeman, Minimoog inapanda juu ya ukuta na kuanza kuita watu. Minimoog hutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, haiwezi kushika vibao vitatu pamoja, kwa hiyo kila anayeishika anageuka mwimbaji. Hapo sasa una hoja. Aliyekuta wimbo ameona mahali palipoachwa wazi, akapajaza. Je, palikuwa pengo, au ilikuwa pumzi? Huo ndio ubishi wenye maana, na watu wazima wawili wanaweza kubishana juu yake mpaka alfajiri bila kutukanana.

Mimi nasema ilikuwa pumzi. Lakini namwelewa anayesema pengo.

Mtihani wa pili katika bendi hiyohiyo ni mtamu zaidi. Mwaka 1973 Yes walitoa Tales from Topographic Oceans, nyimbo nne tu kwenye santuri mbili. Wakeman hakuipenda kazi ile. Ameshasimulia mwenyewe mara nyingi jinsi alivyokula mchuzi wa bizari jukwaani huko Manchester, sahani iko juu ya kinanda, wenzake wakiendelea na wimbo. Mwaka uliofuata akaondoka, akaja Patrick Moraz, Mswisi mwenye mkono wa jazi, wakatengeneza Relayer ya 1974. Wengi humpima Moraz kwa Relayer. Wewe mpime kwa "Ritual", wimbo wa nne wa ile kazi ambayo mtangulizi wake aliipiga bila moyo. Kwenye Tales una dakika 21 na ushee. Kwenye Yesshows, iliyotoka 1980 ikiwa na sauti za jukwaani za miaka ya nyuma, unamsikia Moraz mwaka 1976 akiupiga wimbo huohuo, na sasa unakaribia dakika 29. Aliyeukuta hakuwa na kinyongo nao. Anaingia humo kama mgeni aliyepewa chumba ambacho mwenye nyumba alikichukia: anafungua madirisha. Hapo unajifunza kitu ambacho orodha ya nani bora haiwezi kukuambia, kwamba ufundi na hamu ni vitu viwili, na mwenye ufundi zaidi anaweza kushindwa na mwenye hamu kwenye wimbo mmoja.

Geoff Downes aliyepokea 1980, na Oliver Wakeman, mtoto wa Rick, aliyekalia kiti cha baba yake kuanzia 2008, nawapita haraka. Ukishashika njia, wafuate mwenyewe.

Ila nisimame kwa Kaye tena, kwa sababu alirudi. Mwaka 1983 bendi ilitoa 90125, yenye "Owner of a Lonely Heart", wimbo uliokwenda kushika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1984. Jina la Kaye liko kwenye jalada. Mtu asiyejua atasema, loo, mzee amebadilika, kajifunza vyombo vipya. Kumbe sehemu kubwa ya vinanda vya kazi ile ilipigwa na Trevor Rabin, mpiga gitaa. Kwa hiyo kabla hujamsifu au kumlaumu mtu, hakikisha vidole unavyovisikia ni vyake. Jalada linakuambia nani alikuwa mwanachama. Halikuambii nani alikuwa chumbani siku ile.

Sasa turudi nyumbani, ambako mambo ni magumu zaidi, maana kwetu nyimbo za bendi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na mara nyingi wimbo ulibaki na rekodi moja tu inayojulikana. Huwezi kupata "Starship Trooper" mbili. Kwa hiyo unageuza mtihani: badala ya kushika wimbo na kubadilisha mtu, unamshika mtu na kubadilisha bendi.

Na hapa Dar es Salaam ilitufanyia kazi nzuri kuliko London. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki ya Kisarawe, alipita kwanza bendi ndogo ndogo, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ikiwemo. Jina lile lilibebwa na watu wa kwetu waliohamia mjini, kama wa Rufiji walivyokuwa na Rufiji Jazz. Mwaka 1964 akaingia NUTA Jazz ikianzishwa. Mwaka 1978 yumo Mlimani Park mpya, Sikinde Ngoma ya Ukae. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachota wanamuziki sita wa Mlimani kwa mpigo kwenda Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Gurumo yumo, na mcharaza gitaa Abel Balthazar yumo. Baadaye Gurumo akarudi kwenye bendi ileile ya NUTA, ikiwa imeshabadilisha jina; ndiyo hii tunayoiita Msondo. Sauti moja, nyumba tatu, na ya kwanza akairudia.

Kwa hiyo ukitaka kujua gitaa la solo la Sikinde lilikuwa na tofauti gani na la Msondo, chukua nyimbo anazoimba Gurumo pande zote mbili. Usimsikilize Gurumo. Sauti yake iwe kama mlingoti uliosimama, wewe angalia tanga. Solo linamjibu akimaliza mstari, au linamkatiza? Linasubiri sebene ndipo lizungumze, au linanong'ona tangu ubeti wa kwanza? Tarumbeta na mdomo wa bata vinaingia vikilipisha gitaa njia, au vinaligonga? Nyimbo tatu kila upande zinatosha. Mimi huandika kwenye daftari la mtoto, ukurasa wa kushoto Msondo, wa kulia Sikinde, na naandika kwa penseli kwa sababu nabadilisha mawazo.

Mlimani baada ya 1985 ni somo la peke yake. Ukitoa watu sita bendini, ungetarajia izimike. Haikuzimika, kwa sababu ndani alibaki Michael Enoch, mtu aliyetoka Dar es Salaam Jazz na aliyeweza kushika karibu kila chombo jukwaani. Ukilinganisha wapiga gitaa wa Mlimani wa kabla na wa baada bila kumhesabu Enoch, umelinganisha nusu. Anayekaa karibu na mpigaji ni sehemu ya mpigaji. Les Wanyika ni ushahidi mwingine: 1978, huko Nairobi, Omar Shabani na gitaa lake la ridhimu na Tommy Malanga na besi yake walitoka Simba Wanyika, wakaungana na John Ngereza, na "Sina Makosa" ikazaliwa. Ngereza anasifiwa kwa solo, na anastahili. Lakini jaribu siku moja kusikiliza wimbo ule ukiufuata mkono wa Omar peke yake, mwanzo mpaka mwisho, halafu uniambie solo lile lingekaa juu ya nini.

Kuna usumbufu mmoja wa kazi hii, nao ni tarehe. Nyimbo zinazozunguka kwenye simu zimebandikwa majina ovyo. Wimbo wa NUTA unaitwa wa Msondo, wa Msondo unaitwa wa Sikinde, picha ni ya watu wengine kabisa. Dawa yake ni kusikiliza, maana bendi zetu zilikuwa na tabia ya kujitaja humohumo ndani ya wimbo, na kutaja mtindo, na wakati mwingine kumwita mpigaji kwa jina wakati wa sebene. Na kwa Msondo, bendi ya chama cha wafanyakazi, jina lenyewe ni kalenda: NUTA ni miaka ya mwanzo, Juwata inaanza mwishoni mwa miaka ya 1970, OTTU ni miaka ya 1990, Msondo Ngoma ndiyo iliyokuja mwisho. Ukisikia wanajiita Juwata, usiniambie ni ya mwaka 1966.

Jambo jingine la vifaa, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Usimhukumu mtu kwa spika ya simu. Spika ile ndogo inaua besi na inaua mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, na mkono wa kushoto ndio unaokuonyesha kama mtu anajua anakokwenda. Tafuta hedifoni, hata zile za kuuzwa mkononi stendi. Au ungana na jirani mwenye redio ya maana. Nimeona watu wazima wanamwita mpigaji mwepesi, kumbe nusu ya kazi yake imekufa ndani ya simu.

Na chombo chenyewe ukitoe kwanza kwenye hesabu, ndipo ubaki na mtu. Mellotron ile aliyoikataa Kaye ilikuwa na utepe kwa kila kibao. Ukibonyeza, utepe unavutwa na kutoa sauti ya fidla au ya watu wanaoimba, na baada ya sekunde kama 8 unakwisha, lazima uachie ndipo urudi mwanzo. Kwa hiyo ukisikia mpigaji anabadilisha sauti mapema, usiseme hana subira. Chombo ndicho kisichokuwa nayo. Kwetu, taarab ilipotoka kwenye kodiani kwenda kwenye kinanda cha umeme, kilichobadilika kwanza ni pumzi. Kodiani ina mvukuto, na mvukuto ukifika mwisho lazima ugeuzwe, na kule kugeuza kunasikika kama mtu anavuta hewa. Kinanda cha umeme hakipumui. Mpapasa kinanda mwenye busara anaiweka pumzi ile kwa makusudi, anainua mkono mahali ambapo mwenye kodiani angegeuza. Asiye nayo anaukalia wimbo kuanzia bismillahi mpaka wassalamu, na mwimbaji hapati upenyo wa kupitisha neno.

Tena vibao vya kinanda vimekatwa ngazi 12, basi, wakati udi na fidla na ganuni vinaweza kukaa kati ya ngazi na ngazi. Nyimbo za taarab zenye asili ya Misri zina sauti zinazokaa palepale katikati. Mpigaji wa kinanda wa kawaida akifika hapo ana njia mbili: kubonyeza kibao cha karibu na kumkosesha mwimbaji raha, au kunyamaza na kuiacha sauti ya mtu ipite peke yake. Angalia anachagua ipi. Nimeshawahi kumpa mtu kazi kwa sababu ya kunyamaza kwake mara moja tu.

Swali la mwisho ninalojiuliza, na mara nyingi ndilo linaloamua, ni hili: aliyepokea amebakiza nini cha aliyemtangulia? Asiyebakiza kitu hakuusikiliza wimbo. Aliyebakiza kila kitu yumo kwenye wimbo kama mpangaji, hajagusa hata msumari ukutani. Kati ya hao wawili ndipo penye kazi. Wakeman alibakiza mapigo ya Kaye kwenye nyimbo alizokuta, akaongeza paa. Ndiyo maana hata mimi ninayempenda Kaye siwezi kusema Wakeman aliharibu.

Na kamati zetu huku Masoko? Hatusikilizi tena nyimbo za kwenye simu. Mpigaji anaitwa nyumbani kwa mtu, alasiri, kinanda kinawekwa juu ya meza ya chakula, na jambo la kwanza tunamwomba azime biti. Wapo wanaoaga papo hapo. Wanaobaki tunawaletea mwimbaji, si fundi, yeyote mwenye kujua nyimbo za zamani, na tunamwambia aanze popote koo lake lilipo bila kumwambia mpigaji. Tunahesabu. Akimpata kabla mstari wa pili haujaisha, tunaendelea naye. Akikimbilia kitufe, tunamshukuru, tunampa nauli na chai. Baadaye tunamwomba apige wimbo uleule kama alivyoupiga mtu mwingine tunayemjua wote, halafu kwa namna yake. Dakika 40 zinatosha, na hazina gharama kubwa kuliko kilo mbili za sukari.

Harusi iliyofuata ya ukoo ule wa Kivinje tulimpata mzee mmoja wa makamo kutoka upande wa Lindi. Kinanda chake kilikuwa na vibao viwili visivyolia, akavizunguka usiku kucha bila ukumbi kujua. Mimi nilijua kwa sababu nilikaa nyuma yake. Biti aliiwasha pale vijana walipotaka kurusha roho, akaizima mara tu watu wazima waliposogea mbele. Shangazi aliimba nyimbo nne.